Sahani ya Mlangoni

Agincourt, Toronto
17 Oktoba 2009

Kwa Dada Mize,

“Unguja ya karne ya kumi na tisa haikuwa na wachawi. Ilikuwa na wanawake wasio na mtetezi, na matajiri waliohitaji mtu wa kumlaumu.”

Hayo si yangu, dada. Ni ya Shaukat, daktari wa meno mstaafu wa kule Weston. Ameyachapisha katika jarida letu la Waafrika Mashariki wa Toronto, akiishambulia sura ya kwanza ya riwaya yangu. Mtu aliyeng'oa meno maisha yake yote sasa anataka kumng'oa na mchawi wangu! Nimemjibu kurasa nne. Nimemwambia: Shaukat, wewe paka mweusi akikatiza mbele ya gari lako unageuza njia, leo ndiwe wa kutufundisha kwamba uchawi haupo? Nimemwambia riwaya si hukumu ya mahakama. Mji ule ulikuwa na wanga wa kila kabila na mashetani ya kila dini, na mwandishi anayewaogopa aende akaandike matangazo ya dawa ya meno.

Basi nimeanza na ugomvi kabla ya salamu, lakini unanijua. Shikamoo dada. Miguu inasemaje? Huku tu wazima. Dada yetu Gulbanu amefanyiwa upasuaji wa goti na sasa anatuamuru akiwa kitandani, tofauti na zamani ni kwamba hatuwezi kumkimbia. Binti yangu Fareen amechumbiwa. Kijana anaitwa Ameer, mhasibu, wazazi wake wako Vancouver, watu wazito. Harusi Julai, inshallah.

Sasa jambo lenyewe. Riwaya yangu ni ya wachawi wa Unguja mwaka 1872, mwaka wa kile kimbunga kilichong'oa mikarafuu ya kisiwa kizima. Kiini chake ni yule mchawi wa nyumba yetu, Bi Mlangoni. Hadithi ninayoijua mimi ni hii tuliyolishwa utotoni: babu mkuu Jalaludin alimwoza mwanawe, mchawi akaja harusini bila kualikwa, akanyimwa nafasi, akaketi kizingitini. Haukupita muda, upepo ukaja, shamba lote la karafuu likalala chini. Ndiyo maana mpaka leo, kila harusi ya kwetu, sahani ya kwanza ya chakula huwekwa chini mlangoni kabla mgeni hajaonja, ili achukue chake aende zake. Hata huku tunaweka! Nilipooa mimi, Gulbanu aliweka sahani ya biriani kwenye korido, ghorofa ya kumi na moja, na msimamizi wa jengo akatuandikia barua kali kuhusu panya.

Wewe ulibaki kisiwani. Wazee wako wa Ng'ambo, upande wa pili wa mji, walikuwa wakija kwetu kila sikukuu kwa mlango wa nyuma, na mama akisema “hawa ni ndugu zetu wa Ng'ambo,” nasi tukakuita dada mpaka leo. Lazima unajua zaidi. Alikuwa na nguvu gani? Aliruka? Wenzake walikuwa kina nani? Niandikie yote. Kwenye simu unaniuliza hali na kukata.

Mdogo wako,
Dilawar


Kwahani, Unguja
21 Januari 2010

Kwa mdogo wangu Dilawar,

Marahaba. Miguu inanipeleka sokoni na kunirudisha, zaidi ya hapo sijaiomba. Barua yako ilinikuta gizani, na sisemi kwa mafumbo: kisiwa kizima hakina umeme tangu Desemba. Waya wa chini ya bahari umeharibika. Maji hayapandi, tunachota kisimani kama zamani. Samaki anunuliwaye asubuhi lazima aliwe leo, basi hata majirani tuliogombana nao tunawapelekea. Vijana wamepata kazi ya kuchaji simu za watu kwa jenereta. Nakuandikia kwa kibatari, ukiona doa ni mafuta.

Hongera kwa Fareen. Picha uliyoniletea nimeiweka kabatini. Paji lile la uso nalijua.

Umeniuliza kama aliruka. Aliyeruka mimi simjui. Umeuliza nguvu zake, umeuliza wenzake. Nimeisoma barua yako mara ya pili nikitafuta swali moja tu, ambalo mtu yeyote angeanza nalo, sikuliona. Bibi yangu alimwona huyo unayemwita Bi Mlangoni kwa macho yake mawili, akala kwa mkono wake. Aliniambia mambo. Mengine nimeyasahau kwa makusudi, na mengine hayaulizwi hivyo.

Sisi wa Ng'ambo harusi za nyumba yenu hatukuhudhuria hata moja. Tulikuwa tukiletewa chakula asubuhi yake. Kilikuwa kitamu, sikatai.

Mpe salamu zangu daktari wako wa meno.

Dada yako,
Mize


Agincourt, Toronto
6 Machi 2010

Kwa Dada Mize,

Shikamoo. Pole na giza. Huku theluji imegeuka matope, goti la Gulbanu limepona na ulimi wake haukuwahi kuugua. Anataka ukumbi wa Scarborough wenye vioo kila upande. Nimemwambia watu wazima hawahitaji kujiona wakitafuna. Amenishinda.

Nimekucheka kuhusu paji la uso. La Fareen ni la mama yake, kila mtu anasema.

Umeniandikia kidogo, lakini hicho kidogo kimeniwasha. Bibi yako alimwona! Alikula mkononi mwake! Basi aliishi baada ya kimbunga. Sikuwa najua. Nimeandika sura ya tatu kwa siku chache, na nakunukulia hapa uone kwamba sifanyi mchezo:

“Wanga wa Unguja walikusanyika juu ya dari la Jalaludin, kila mmoja na ungo wake. Mmoja alikuwa ameshona midomo ya mbwa wa mji mzima kwa uzi wa kivuli. Mwingine alibeba upepo ndani ya kibuyu, na kibuyu kilikuwa kikipumua. Bi Mlangoni hakuwa na ungo. Alikaa kizingitini, macho yake ya paka yakiwaka, kucha zake zikikwaruza jiwe kila sinia lilipompita: sinia la pilau, sinia la kuku, sinia la halua. Bwana harusi alitoka, akamwona, akatetemeka. ‘Mmeninyima wali,’ mwanamke alisema, ‘nami nitawanyima karafuu.’ Akaita juu, na kibuyu kikafunguliwa.”

Nimejisoma mwenyewe nikasisimka. Shaukat akiyaona haya atameza meno yake ya bandia.

Na sikia: nakualika harusini. Wewe hasa, si salamu za karatasi. Barua ya viza nitaandika mimi, tiketi itatoka kwangu, na ofisa yeyote atakayekukatalia nitamwandikia makala ajute kuzaliwa. Miaka yote hii nimeandika kuhusu haki za watu nisiowajua. Dada yangu mwenyewe asikose harusi ya mwanangu.

Mdogo wako,
Dilawar


Kwahani, Unguja
19 Aprili 2010

Kwa mdogo wangu Dilawar,

Marahaba. Umeme umerudi. Mtaa mzima ulipiga vigelegele, halafu kila mtu akaona jinsi nyumba yake ilivyo chafu.

Hadithi yako nimeisoma. Umeandika vizuri, nisiwe mwongo. Kile kibuyu kinachopumua kilinikosesha usingizi. Lakini mchawi wako ana kucha, ana macho ya paka, ana hasira ya wali. Mbona hana mtu? Mwanamke anatoka kwake, anakwenda kukaa kizingitini mwa nyumba ya harusi siku nzima, kwa ajili ya wali?

Nitakuja. Mwanangu anasema nimepata wazimu, nimemwambia wazimu wa kupanda ndege ni wa heshima. Nina swali moja tu na unijibu kwa maandishi. Utaniketisha wapi?

Mize


Agincourt, Toronto
8 Mei 2010

Kwa Dada Mize,

Shikamoo. Swali gani hilo? Utaketi meza ya mbele, mkono wangu wa kulia, karibu na bibi harusi. Nani atasema neno? Mimi nimegombana na maimamu, na wafuasi wa vyama vyote, na Shaukat. Nitashindwa na kiti?

Gulbanu ameniuliza tutakutambulisha vipi kwa wakwe. Nimemwambia, “Dada yetu, basi.” Akasema, “Dada kwa upande upi, Dilu? Watu wa Vancouver watauliza.” Nikamwambia waulize. Kusema kweli nami nilitaka kukuuliza, nikaona tutaongea ukija.

Njoo na kanga za Fareen, na karafuu mbichi kidogo, wasikunyang'anye uwanja wa ndege.

Mdogo wako,
Dilawar


Agincourt, Toronto
18 Septemba 2010

Kwa Dada Mize,

Shikamoo, na Idi njema ingawa imepita. Natumai ulifika salama na mizigo yako yote. Fareen na Ameer wamerudi kutoka fungate, wamepanga nyumba ndogo karibu na stesheni. Kanga zako amezitundika ukutani, sijui kwa nini vijana hutundika nguo.

Dada, uliondoka kabla wiki haijaisha, na hukuniambia sababu. Nimekupigia, simu inapokelewa na mwanao, anasema umelala, mchana na usiku umelala. Basi nitasema mimi. Siku ya harusi ilikuwa na zahama. Wakwe walikuja na watu wao wengi kuliko tulivyoambiwa, meza ya mbele ikajaa, na wenyewe ni wazee, siwezi kumwinua mzee wa watu. Gulbanu alipokuweka ile meza ya karibu na mlango alidhani utapata hewa. Na alipomwambia mama yake Ameer kwamba wewe ni yaya wetu wa zamani, alitaka kukata maswali. Hakukusudia kukuvunjia heshima. Yaya naye ni mtu.

Lakini lile la sahani, dada! Kwa nini? Uliona kabisa Gulbanu ameiweka chini kizingitini, na kila mtu wa kwetu anajua hiyo ni ya nani. Ukainuka mbele ya ukumbi mzima, ukaketi chini sakafuni kama mtu asiye na kwao, ukaila. Wakwe walitazama. Wapiga picha walitazama. Mimi nilikuwa nimesimama pale na glasi mkononi, ungetaka nifanye nini? Na kicheko kile hakikuwa kicheko.

Niandikie. Sura za mwisho zimenigomea.

Dilawar


Agincourt, Toronto
27 Novemba 2010

Kwa Dada Mize,

Shikamoo. Sijapata jibu. Huenda posta, huenda si posta.

Baridi imeanza. Naeem, mtoto wa Gulbanu, naye amechumbia, harusi itakuwa Juni. Shaukat ameandika tena kuhusu sura zangu. Safari hii amesema nampiga mwanamke aliyekwisha kuanguka. Nilikaa kumjibu, kalamu ninayo, hoja sikuzipata. Ni mara ya kwanza. Mhariri alinipigia kuuliza kama naumwa.

Jumapili Fareen alikuja kula. Yeye Kiswahili anakisikia chote, ila hujibu kwa Kiingereza, lakini swali hili aliniuliza kwa Kiswahili, polepole, kama mtu anayevuka barabara: “Baba, yule bibi ni nani kwetu?” Nikasema ni dada. Akasema, “Dada gani anakula chini?” Mke wangu akaenda kuosha vyombo vilivyokuwa safi.

Nilimsikia Gulbanu akikuita yaya. Nilikuwa nyuma yake kabisa. Katika barua iliyopita niliandika kana kwamba nilisimuliwa.

Dilawar


Kwahani, Unguja
30 Januari 2011

Kwa mdogo wangu Dilawar,

Marahaba. Sikuwa nimelala. Nilimwambia mwanangu aseme hivyo, naye ameona haya kumdanganya mzee wa Kanada, basi umsamehe. Hali yetu ni njema. Mjukuu wangu ameanza shule, amekwisha kupigana na mwalimu. Angekupendeza.

Barua yako ya kwanza niliisoma nikaiweka. Ya pili ndiyo ninayoijibu, kwa sababu ya Fareen. Mtoto ameuliza. Mimi nilikuwa nikikusubiri wewe uulize, maana bibi yangu aliniusia: “Wakikuuliza alifanya nini, nyamaza. Wakiuliza ni nani, waambie.”

Alikuwa mamake bwana harusi.

Aliletwa nyumbani kwa Jalaludin akiwa kijakazi, akazaa naye watoto wawili. Wa kwanza wa kiume, mweupe, nywele zimelala. Mke wa Jalaludin aliyetoka Kachi, kule India, hakuwa na mtoto, akamchukua, na mtoto akakua akimwita yeye mama. Wa pili wa kike, akafanana na mamake, huyo hakuchukuliwa. Mvulana ndiye baba wa babu yako. Msichana ndiye aliyemzaa bibi yangu. Sasa unajua dada kwa upande upi.

Mvulana alipooa, wakwe walikuja kwa meli. Jalaludin akamwambia yule mwanamke: wewe usionekane. Na chakula chote amekipika yeye, Dilawar. Pilau, kuku, halua, yale masinia yako. Alipomaliza alinawa mikono, akaenda kuketi kizingitini kwa nje ili amwone mwanawe akipita. Hakutaka wali. Alikuwa ameonja chumvi ya wali tangu alfajiri.

Mwanawe akamwona. Kila mtu anasema hakujua kuwa ni mamake. Bibi yangu alisema alijua. Aliingia ndani, akarudi na sahani, akaiweka chini mbele yake, akarudi kwa wageni. Kimbunga kilipokuja na karafuu zikalala, mke wa Kachi akasema: ni mchawi wa mlangoni. Maneno yakaenea, kwa sababu yalikuwa yanawafaa wote. Akatolewa pamoja na binti yake, wakaja huku Ng'ambo. Alikuwa akisuka ukili wa mikeka na kuwalisha wajukuu wake kwa mkono, mpaka akafa mzee sana. Kibuyu hakuwa nacho.

Yule mwanawe, kila harusi iliyofanyika nyumbani kwenu, aliweka sahani mlangoni kwa mkono wake mwenyewe, na asubuhi akaileta huku. Aliona aibu maisha yake yote na hakuwahi kuingia ndani. Akafika mlangoni, akaweka, akaondoka. Alipokufa, watoto wake wakaambiwa sahani ni ya mchawi. Na sisi? Sisi tulijua na tukala. Mkitupa kanga za Idi tukasema ahsante, mkituingiza kwa mlango wa nyuma tukafuta miguu. Mama yangu alinipiga kofi siku nilipouliza kwa nini tusipite mbele. Aibu hiyo ni yangu, sikupi wewe.

Nilikuja Toronto kuona kiti. Nikaona meza ya mlangoni, nikasema Mize, vumilia, ni hewa. Nikaitwa yaya, nikasema vumilia. Halafu nikaiona ile sahani. Nilikuwa sijawahi kuiona ikiwekwa, nilikuwa nikiijua asubuhi yake tu, imepoa. Sikula kwa hasira. Nilikula kwa sababu ni yetu.

Rafiki yake Fareen, yule muuguzi Mkenya, Kagendo, alikuja mbio na gauni lake refu. “Shosho,” ndivyo waitavyo bibi kwao, “mbona chini? Viti vimeisha?” Nikamwambia, “Vipo, mwanangu, ila si vyangu.” Akanitazama, akavua viatu, akaketi kando yangu. “Basi nipunguzie hiyo nyama, hawa watu hawajui kuwahi na chakula.” Tukala pamoja. Ndiye mtu pekee niliyeongea naye usiku ule. Ndipo mtoto mmoja wa kwenu akapiga kelele kwa Kiingereza, na hata mimi nilielewa, kwamba bibi kizee anakula chakula cha mchawi. Ukumbi ukacheka. Wewe ulinitazama usoni, ukacheka kidogo, kama mtu anayekohoa, kisha ukamgeukia mpiga picha.

Jina lake unataka? Najua utalitaka, kwa kitabu. Ninalo. Nitalitaja nikiwa nimeketi.

Dada yako,
Mize


Agincourt, Toronto
12 Machi 2011

Kwa Dada Mize,

Shikamoo. Nimekaa na barua yako wiki nzima kabla ya kugusa kalamu, mimi ambaye humjibu mtu kabla hajamaliza sentensi.

Fareen ana mimba, hiyo ndiyo habari njema ya nyumbani. Nilimsomea barua yako yote, mstari kwa mstari. Alikwenda kwenye kioo, akavuta nywele nyuma, akajitazama paji la uso.

Kitabu nimekirudisha kutoka kwa mchapishaji. Nilijaribu kukirekebisha. Nikamtoa kucha. Nikamtoa macho ya paka. Nikawatoa wanga wote juu ya dari na nyungo zao, nikafunga kile kibuyu. Nilipomaliza alibaki mwanamke aliyenawa mikono, ameketi mlangoni, anamsubiri mwanawe apite, nami sikuwa na uchawi wowote wa kumwongezea. Uchawi wote ulikuwa wetu. Sisi ndio tuliogeuza mama akawa jini kwa sahani moja, na tukasafiri na kiini macho hicho mpaka ghorofa ya kumi na moja.

Nimemwandikia Shaukat: “Ulisema kweli.” Maneno mawili. Amejibu kwa hasira, anadhani namkejeli.

Baba wa babu yangu alikuwa kijana, amezungukwa na baba mkali na wakwe wa melini, akaona aibu, akatoa sahani. Mimi ni mtu mzima mwenye mvi, nimeandika juu ya haki tangu ujana wangu, nikaona aibu, nikatoa kicheko. Yule alinizidi. Siombi uniambie si kitu. Ukiniambia si kitu nitajua umerudi kutusemea ahsante ya mlango wa nyuma.

Jumamosi nilikwenda kwa Gulbanu. Alisikiliza mpaka mwisho, akanimiminia chai, akasema, “Dilu, mambo ya watu waliokufa unayaleta mezani kwa nini?”

“Kwa sababu aliye hai tulimweka mlangoni.”

“Na wakwe wa Naeem nitawaambia nini?”

“Waambie huyu ni dada yetu, kwa upande wa bibi yake babu yetu.”

“Bibi gani? Hata jina lake hatulijui!”

Aliyasikia maneno yake mwenyewe, dada. Halafu akaanza kusema habari za bei ya ukumbi.

Kwa hiyo barua hii nimeitolea nakala, na nakala inakwenda leo kwa Gulbanu na kwa wajukuu wote wa nyumba ile, waliopo Agincourt, waliopo Weston, hata wale wa Vancouver wanaojifanya wametoka London. Wewe, dada, umekwisha kusema. Yanayofuata ni yao.

Gulbanu, harusi ya Naeem ni Juni. Barua ya viza ya Dada Mize nimeiandika, na mahali pa kueleza uhusiano nimeandika ndugu. Mara ya kwanza niliandika rafiki wa familia, na sasa mnajua na hilo. Meza ya mbele iwe na kiti kimoja ambacho hakuna mkwe, wala mzee, wala daktari wa meno atakayekikalia, na wewe mwenyewe, si mhudumu, umshike mkono umpeleke. Umtaje kwa sauti ya kusikika ukumbi mzima. Akiketi atatutajia jina la bibi yetu, na nyote mtalirudia, na watoto wenu wasiojibu kwa Kiswahili watalirudia pia. Nikifika nikakuta kiti hakuna na sahani iko chini, nitavua viatu, nitaketi kizingitini na suti yangu, nitaila mbele ya wakwe zako mpaka punje ya mwisho, na atakayeuliza mimi ni nani nitamjibu.

Usiweke sahani, Gulbanu. Weka kiti.

Dilawar